Maillot, Tabibu wa Jeshi Aliyeishinda Homa kwa Gome la Mti

Askari hufunzwa kujihadhari na risasi, lakini katika vita vingi vya zamani homa iliua wengi kuliko risasi. Kwa sababu hiyo twamkumbuka François Clément Maillot, tabibu wa jeshi la Ufaransa, aliyezaliwa Briey mwaka 1804.

Mwaka 1820, Pelletier na Caventou walifaulu mjini Paris kuitenga kwinini kutoka katika gome la msinkona, mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Dawa ikawa imepatikana, ila matumizi yake yalikuwa ya kubahatisha. Wakuu wa utabibu wa siku zile waliiona homa kuwa ni mwako wa tumbo. Waliamuru mgonjwa atolewe damu, abandikwe ruba na kunyimwa chakula. Kwinini alipewa kidogo tu, tena baada ya homa kushuka.

Mwaka 1834 Maillot alipelekwa Bône, mji wa pwani ya Aljeria ambao leo huitwa Annaba. Kambi ilikuwa karibu na mabwawa, na mwaka uliotangulia walikufa karibu wagonjwa 2 katika kila 7 waliolazwa hospitalini. Maillot aliacha desturi ya wakubwa wake. Alitoa kwinini mapema na kwa kipimo kikubwa, bila kungoja homa ishuke, na akaamuru wagonjwa walishwe. Kisha akahesabu waliopona na waliokufa. Vifo vilishuka hadi karibu 1 katika 20.

Aliyatangaza hayo katika kitabu cha mwaka 1836, lakini mabingwa wengi walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 1880, Alphonse Laveran, naye tabibu wa jeshi huko huko Aljeria, alikiona kimelea cha malaria katika damu ya askari mgonjwa. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba kwinini humwua adui aliyejificha ndani ya damu. Mwaka 1888 taifa lake lilimtunukia Maillot pensheni ya heshima. Alifariki mwaka 1894.

Hatufichi upande wa pili wa habari hii. Wagonjwa wale walikuwa askari wa jeshi la uvamizi, na dawa iliyowaponya ililisaidia jeshi hilo kuwatawala Waaljeria hadi walipojipatia uhuru mwaka 1962. Tabibu aliokoa maisha, dhuluma ikafaidika.

Hata hivyo, funzo lake ni letu sote. Dawa ya mti haithibitishwi kwa sifa wala kwa cheo cha anayeisifu, bali kwa kupimwa na kuhesabiwa. Ndivyo ilivyothibitishwa pia artemisinini, iliyopatikana China katika mmea wa jamii ya pakanga, na ambayo leo ndiyo nguzo ya dawa mseto za malaria. Basi askari aonapo dalili za homa, na aripoti zahanati siku ile ile, apimwe, kisha amalize dozi yake yote.