Brownie Mary: Nyanya wa keki za bangi aliyesumbua sheria ya Marekani

Kama umekuwa ukidhani vita vya kuruhusu bangi ya matibabu vilianzishwa na marasta au matajiri wenye makampuni, tulia kidogo nikupe stori ya nyanya mmoja wa San Francisco, Marekani. Jina lake halisi lilikuwa Mary Jane Rathbun. Ndiyo, Mary Jane, jina ambalo Wamarekani huiitia bangi kwa mzaha. Lakini yeye alipewa na wazazi, hakujibandika. Mtaani walimjua kama Brownie Mary.

Alizaliwa Chicago mnamo Desemba 22, 1922, akakulia Minneapolis. Alikuwa mkaidi tangu utotoni: akiwa na miaka 13, mtawa alipotaka kumchapa fimbo shuleni, alipigana naye. Akaondoka nyumbani angali kijana, na karibu maisha yake yote akafanya kazi ya weita. Alipata mtoto mmoja tu, Peggy, ambaye alifariki katika ajali ya barabarani mapema miaka ya 1970. Shika hilo la Peggy.

Pesa za uweita hazikuwa nyingi, kwa hivyo alianza kuoka brauni, zile keki ndogo za chokoleti, akitia bangi ndani na kuziuza. Tusimpake mafuta: hiyo ilikuwa biashara haramu. Januari 14, 1981 polisi walibisha mlangoni. Alikuwa na miaka 58. Inasemekana hakushtuka hata kidogo, aliwaambia alikuwa akiwatarajia. Ndani walipata zaidi ya ratili 18 za bangi, yaani kama kilo 8, na dazeni 54 za brauni. Alikiri makosa, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu na saa 500 za kuhudumia jamii.

Na hapo ndipo mambo yaligeuka. Saa hizo 500 alizimaliza kwa siku 60 hivi, kisha akakataa kwenda nyumbani. Ukimwi ulikuwa umeanza kuwaua vijana wa jiji hilo, na wengi wao walikuwa wametupwa na familia zao. Mary, aliyempoteza Peggy, akawachukua hao kama watoto wake. Aliona kwamba wakila brauni zake, kichefuchefu kinapungua na hamu ya chakula inarudi. Kuanzia 1984 alijitolea kila wiki katika Wadi 86 ya hospitali kuu ya San Francisco, na 1986 hospitali ikamtaja kuwa mhudumu wa kujitolea wa mwaka. Wakulima walimletea bangi bure. Unga na sukari alinunua kwa pensheni yake ndogo. Wagonjwa hakuwatoza hata senti.

Sheria ilimwona bado mhalifu. Alikamatwa 1982 akimpelekea brauni rafiki mwenye saratani, na tena Julai 1992 huko Cazadero, akiwa jikoni anaoka. Safari hii alikataa kukiri. Mawakili wake walishikilia kwamba alitenda hivyo kwa sababu ya dharura ya kimatibabu. Kesi ikavuma dunia nzima, na kabla mwaka kuisha mashtaka yakaondolewa. Mwezi mmoja tu baada ya kukamatwa, baraza la San Francisco lilikuwa limetangaza Agosti 25 kuwa Siku ya Brownie Mary. Serikali moja inakutia pingu, nyingine inakupa sikukuu!

Yeye na rafiki yake Dennis Peron walipigania Pendekezo 215, ambalo wapigakura wa California walilipitisha Novemba 1996 kwa takriban asilimia 56. Soma vizuri lilichosema. Mgonjwa aliyependekezewa bangi na daktari angeweza kuwa nayo na kuipanda kwa matumizi yake. Mlezi wake pia alikingwa, lakini mlezi ni nani? Ni mtu aliyeteuliwa na mgonjwa huyo, na ambaye amekuwa akibeba siku zote jukumu la makao, afya au usalama wake.

Sasa mpime Mary kwa kipimo hicho. Yeye mwenyewe alikuwa na magoti mabovu na maumivu ya viungo, kwa hivyo kama mgonjwa angepita. Lakini kama mlezi? Alilisha mamia ya watu, na wengi wao aliwaona mara moja kwa wiki. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba kumpatia mtu bangi pekee hakukufanyi mlezi. Lazima uwe ulikuwa ukimtunza kabla ya hapo na kwa njia nyingine pia. Nionavyo mimi, mwanamke aliyeizaa sheria hiyo angebaki nje ya mlango wake. Isitoshe, mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilisema serikali ya taifa bado inaweza kumkamata mgonjwa hata kama jimbo limemruhusu.

(Na wewe, usijaribu kupeleka stori hii kituoni. Hapa Kenya bangi ni haramu kwa sheria ya 1994, na karatasi ya daktari wa California haitakutoa seli.)

Mary hakuishi kuona hukumu hizo. Alifariki Aprili 10, 1999 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 76. Watu wapatao 300 walikusanyika mtaa wa Castro kumuaga.