Jean Purdy: Nesi Aliyesaidia Kuleta Mtoi wa Kwanza wa IVF, Jina Lake Likaachwa Nje

Kama umekulia Machakos, hii stori unaijua. Dem ameolewa miaka mitano, mtoi hakuna, na mashemeji washaanza kunong'ona. Kitambo Wakamba walikuwa na njia yao: mama aliyekosa watoto angeweza kuoa mwanamke mwingine, iweto, amzalie watoto wa hiyo boma. Siku hizi watu wanapanda mat hadi Nairobi kutafuta IVF, lakini wengi hawaambii mtu.

Sasa kutana na Jean Purdy.

Jean alizaliwa Cambridge, Uingereza, 1945. Hakuwa daktari, alikuwa nesi. 1968, akiwa na miaka 23 pekee, akaanza job kwa mwanasayansi Robert Edwards. Wao wawili na daktari Patrick Steptoe wakawa wanajaribu kitu watu waliona ni wazimu: kurutubisha yai la mwanamke nje ya mwili. Karibu miaka kumi, Cambridge hadi Oldham na kurudi, wakifeli tu.

Na walichapwa maneno, manze! Watu wa dini wakasema wanajifanya Mungu. 1971 baraza la utafiti wa tiba likawanyima chapaa. Mathe yake Jean alipougua, akaenda kumwangalia, na kazi yote ikasimama. Bila yeye haikuenda.

Mwisho wa 1977, Jean ndiye alikuwa wa kwanza kuona kiinitete cha Lesley Brown kikigawanyika. Tarehe 25 Julai 1978, Louise Brown akazaliwa, mzima kabisa.

Jean aliaga 1985, saratani ya ngozi, miaka 39 tu. Yeye mwenyewe hakuwahi kupata mtoto. Kibao kilipowekwa Oldham, kilitaja wale wanaume wawili. Edwards alilalamika Jean awekwe, wapi! Jina lake liliandikwa 2015, miaka 30 baada ya kifo chake.

Huku Kenya, watoi wa kwanza wa IVF walizaliwa Nairobi 2006. Leo hakuna mtu anaweza kuwatofautisha na wako.

Kwa hivyo ukiwa kwa ntheo na uskie mtu akimwita shemeji yako tasa, mnyamazishe. Kwanza, shida inaweza kuwa ya bro yako. Pili, kuna nesi alimaliza ujana wake ili huyo dem apate chance.