Afya: Alexander Fleming, mwana wa mkulima aliyegundua penisilini na kuonya juu ya dawa isiyomalizwa

Katika farmasi za Goma, Bukavu ao Bunia, si jambo la ajabu kuona mtu anaingia na franga kidogo mkononi, anaomba vidonge vine ao sita vya amoksisilini, kisha anaondoka. Hana karatasi ya mganga na hakupimwa. Tangu mwaka 1945, mtu aliyefungulia dunia njia ya dawa hizo alikuwa ameona hatari ya mwenendo huo. Jina lake ni Alexander Fleming.

Fleming alizaliwa tarehe 6 mwezi wa munane mwaka 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, huko Uskoti. Baba yake alikuwa mkulima na alifariki mtoto huyo akiwa na umri wa miaka 7. Akiwa kijana, alienda London kuishi na ndugu zake, na akafanya kazi ya ofisi katika kampuni la meli kwa muda wa miaka 4. Urizi aliouachiwa na mjomba wake ndio uliomuwezesha kulipa masomo ya uganga kwenye hospitali ya St Mary's. Alipata diploma yake kunako mwaka 1906 na akabaki hapohapo, katika maabara ya profesa Almroth Wright.

Vidonda vya vita

Vita vya kwanza vya dunia vilimpeleka Ufaransa, kwenye mji wa Boulogne, akiwa mganga wa jeshi. Aliona askari wengi wakikufa si kwa risasi yenyewe, bali kwa vidonda vilivyooza. Waganga walikuwa wakimimina dawa kali ndani ya vidonda. Fleming alionyesha kwamba, katika kidonda kirefu, dawa hizo ziliua chembe za damu zinazotetea mwili kuliko zilivyoua mikrobe zilizojificha ndani kabisa. Tangu hapo alitafuta kitu kinachoweza kuua mikrobe bila kumuumiza mgonjwa.

Mwaka 1921, akiwa na mafua, aliweka kamasi yake mwenyewe kwenye sahani ya mikrobe na kuona zinayeyuka. Kitu hicho alikiita lisozimu. Kinapatikana pia ndani ya machozi na mate, lakini hakikuwa na nguvu mbele ya mikrobe zinazoleta magonjwa makubwa.

Jibu lilifika mwezi wa kenda mwaka 1928. Aliporudi kutoka likizo, alikuta sahani moja ya mikrobe za stafilokoki, zile zinazoleta majipu, imeota ukungu. Mtu mwingine angeitupa. Fleming aliona kwamba kandokando ya ukungu huo mikrobe zilikuwa zimeyeyuka. Maji yaliyotoka katika ukungu huo aliyapa jina la penisilini, na mwaka 1929 akatangaza alichokiona katika gazeti la kisayansi.

Katika andiko hilo aliandika pia kwamba penisilini haikuigusa mikrobe ya homa ya tumbo, yaani tifoidi. Hivyo, tangu siku za kwanza, ilijulikana kwamba dawa moja haiwezi kuua mikrobe zote.

Dawa iliyoisha kabla ya ugonjwa

Fleming hakuweza kuitenga penisilini safi, na kazi ililala karibu miaka 10. Ni Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford walioiamsha. Tarehe 25 mwezi wa tano mwaka 1940 waliambukiza panya 8 mikrobe za kuua. Panya 4 waliopewa penisilini walipona, na 4 wengine walikufa.

Mwezi wa pili mwaka 1941 walimtibu polisi mmoja ambaye uso wake ulijaa usaha. Alianza kupata nafuu, lakini dawa ikapunguka. Waganga walifikia hatua ya kuokota penisilini ndani ya mkojo wake ili wamchome tena. Haikutosha. Ugonjwa ulirudi, na mwezi uliofuata alikufa. Baadaye viwanda vya Marekani vilianza kuitengeneza kwa wingi, na mwaka 1944 askari waliotua Normandie walikuwa na penisilini ya kutosha.

Fleming, Florey na Chain walipewa pamoja zawadi ya Nobel mwaka 1945. Katika hotuba yake huko Stockholm, Fleming alisimulia mfano wa mtu mwenye kuumwa koo anayejinunulia penisilini na kumeza kidogo tu: haitoshi kuua mikrobe, lakini inatosha kuzizoeza. Kisha anamuambukiza bibi yake. Bibi anashikwa na ugonjwa wa mapafu, anapewa penisilini, lakini mikrobe imekwisha kuizoea, na bibi anakufa. Kwa Fleming, mzigo wa kifo hicho ulikuwa juu ya bwana huyo.

Kila jamii na kazi yake

Baada ya penisilini zilifuata jamii zingine za antibiotiki. Penisilini na ndugu zake, kama amoksisilini, zinabomoa ukuta wa mikrobe. Chembe za mwili wa binadamu hazina ukuta huo, ndiyo sababu hazidhuriki. Amoksisilini inatumiwa sana kwa watoto wenye ugonjwa wa mapafu. Sefalosporini, kama seftriaksone ya sindano, zinashambulia ukuta vilevile, lakini zinafikia mikrobe nyingi zaidi na zinatumiwa kwa wagonjwa mahututi.

Streptomisini, iliyopatikana Marekani mwaka 1943, ilikuwa antibiotiki ya kwanza kushinda kifua kikuu, na inatibu pia tauni, ugonjwa unaojulikana na wakaaji wa Ituri. Tetrasikilini zilikuja mwaka 1948. Moja kati yao, doksisikilini, inapewa wagonjwa wa kipindupindu waliozidiwa, ijapokuwa tiba ya kwanza inabaki kurudisha maji mwilini. Makrolidi, kama eritromisini, zinasaidia watu ambao mwili wao unakataa penisilini. Siprofloksasini ilitumiwa sana kwa tifoidi, lakini mahali pengi mikrobe hiyo imeizoea. Na hakuna hata jamii moja inayoua virusi vya mafua ao vya surua.

Alexander Fleming alifariki London tarehe 11 mwezi wa tatu mwaka 1955, na akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Kwa mtu anayeingia farmasi leo, mfano wake wa Stockholm unabaki na kazi. Kabla ya kutoa franga, inafaa kumuuliza mganga ao muuguzi mambo matatu: je, ugonjwa huu unaletwa na mikrobe ambayo antibiotiki inaweza kuua? Ni antibiotiki gani inayoifaa? Na ni siku ngapi za kumeza? Wenye kupewa dawa ya siku 5 waimeze siku 5, hata kama homa imeshuka siku ya pili.