Molière: Mchekeshaji aliyezikwa usiku

Usiku wa Februari 21, 1673, jeneza la mwigizaji mmoja wa Paris lilipelekwa makaburini kwa mwanga wa mienge. Hapakuwa na misa. Kanisa lilitoa ruhusa ya mazishi kwa shingo upande, kwa masharti kwamba yafanyike gizani, bila sherehe yoyote, na mapadri wasizidi wawili. Marehemu huyo alikuwa Jean-Baptiste Poquelin, ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa jina la Molière.

Ndugu msomaji, kwa sisi tuliosoma shule za Kifaransa katika nchi hizi za Maziwa Makuu, jina hilo si geni. Kifaransa chenyewe huitwa lugha ya Molière, kama vile Kiingereza kinavyoitwa lugha ya Shakespeare. Lakini wengi wetu tulimjua kama swali la mtihani. Tulikariri majina ya wahusika, tukacheka pale mwalimu alipocheka, tukafunga kitabu. Maisha ya mtu mwenyewe hatukuyafahamu. Nami naamini kwamba ukiyajua maisha yake, utaelewa kwa nini michezo yake haizeeki.

Molière alibatizwa Paris Januari 15, 1622. Baba yake, Jean Poquelin, alikuwa fundi na mfanyabiashara wa mapazia, vitambaa vya kupamba nyumba na viti vya kukalia. Mwaka 1631 baba huyo alipata cheo cha mpambaji katika nyumba ya mfalme, cheo ambacho mtoto angeweza kukirithi. Mama yake, Marie Cressé, alifariki mwaka 1632, mtoto akiwa na umri wa miaka 10. Alipelekwa kusoma katika shule kubwa ya Wajesuiti mjini humo, pamoja na watoto wa wakubwa. Kwa kifupi, maisha yake yalikuwa yamekwisha kupangwa. Angerithi duka, cheo cha baba na heshima ya ukoo.

Mwaka 1643 aliyatupa yote hayo. Aliacha haki ya kurithi cheo cha baba yake, akaungana na mwigizaji mwanamke aliyeitwa Madeleine Béjart na wenzake wengine, jumla watu 10, wakaanzisha kundi la maigizo walilolipa jina la Illustre Théâtre. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Waigizaji walipendwa jukwaani, lakini Kanisa la Ufaransa liliwahesabu kuwa watu waliotengwa na sakramenti mpaka waikane kazi yao. Mwaka uliofuata ndipo alipoanza kutumia jina la Molière. Kwa nini alichagua jina hilo, hakumwambia mtu.

Kundi lilishindwa vibaya. Watazamaji hawakuja, madeni yakapanda, na mwaka 1645 Molière alitiwa jela kwa sababu ya kutolipa. Alipotoka, yeye na Madeleine waliondoka Paris, wakajiunga na kundi lililokuwa likizunguka mikoani. Walizunguka kwa takriban miaka 13. Wakicheza Lyon leo, kesho Pézenas, keshokutwa katika ukumbi wa bwana mkubwa fulani ambaye angeweza kuwafukuza akibadilisha mawazo. Ndivyo ilivyotokea kwa mwana mfalme wa Conti, aliyewafadhili kwa muda, kisha akashika dini kwa nguvu na kuwageuka waigizaji wote.

Naona miaka hiyo 13 ndiyo iliyokuwa chuo kikuu chake. Alijifunza pale kwamba mtu wa sokoni hacheki kwa sababu mwandishi ni msomi. Hucheka anapomwona jirani yake jukwaani, na hucheka zaidi anapoanza kushuku kwamba huenda ni yeye mwenyewe.

Oktoba 24, 1658, kundi lilipata bahati ya kucheza mbele ya Mfalme Louis wa 14, ambaye alikuwa kijana wa miaka 20. Walianza na tanzia ya Corneille, na mambo hayakuwa mazuri sana. Ndipo Molière alipoomba radhi na kuomba ruhusa ya kuongeza kichekesho kifupi walichokuwa wakikicheza mikoani. Mfalme alicheka. Kwa kicheko hicho walipewa ukumbi mjini Paris, wakautumia kwa zamu pamoja na waigizaji wa Kiitalia. Mwaka uliofuata mchezo wake kuhusu wasichana wawili wanaojifanya watu wa mjini kupita kiasi, Les Précieuses ridicules, ulimfanya awe gumzo la Paris yote.

Umaarufu ulileta maadui. Mwaka 1662, akiwa na miaka 40, alimwoa Armande Béjart, msichana wa miaka 20 hivi kutoka familia ya Madeleine. Hati zilimtaja Armande kuwa mdogo wake Madeleine. Midomo ya watu ilisema ni binti yake, na Madeleine alikuwa mpenzi wa zamani wa Molière. Mwigizaji wa kundi pinzani alithubutu kupeleka mashtaka kwa mfalme. Jibu la mfalme lilikuja mwaka 1664, alipokubali kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Molière. Mtoto huyo alipewa jina la Louis. Hakumaliza mwaka.

Mwaka huohuo ndio ulioanza vita kubwa ya maisha yake. Mei 12, 1664, katika sherehe za mfalme huko Versailles, kundi lilicheza Tartuffe. Habari yenyewe ni hii. Tajiri mmoja, Orgon, anamwokota kanisani mtu anayesali kwa kujipigapiga kifua, anamleta nyumbani na kumfanya kuwa kiongozi wa roho yake. Mgeni anakula, ananenepa, anaanza kutoa amri. Orgon anataka kumpa binti yake amwoe, ingawa binti ana mchumba. Mtoto wa kiume anapomshtaki mgeni kwamba anamtongoza mama wa nyumba, baba anamfukuza mtoto wake na kumwandikia mgeni mali yote. Anafunguka macho siku mke wake anapomficha chini ya meza ili asikie mwenyewe. Wakati huo nyumba si yake tena.

Mchezo ulipigwa marufuku mara moja. Chama cha siri cha watu wa dini, ambacho ndani yake walikuwamo wakubwa wengi, kilikuwa kimejipanga kuuzuia hata kabla haujachezwa, na mama wa mfalme aliwaunga mkono. Padri mmoja wa Paris aliandika kwamba mwandishi huyo alistahili kuchomwa moto. Mfalme mwenyewe aliupenda, lakini hakutaka ugomvi na Kanisa.

Hapa ndipo ninapomheshimu Molière kuliko mahali pengine popote. Angeweza kuuacha mchezo huo na kuandika mingine, maana kalamu ilikuwa mkononi na mfalme alikuwa rafiki. Hakuuacha. Aliandika barua za kumwomba mfalme, akausoma katika nyumba za watu binafsi, akaubadilisha. Mwaka 1667, mfalme akiwa vitani Flanders, aliucheza kwa jina jingine. Ulichezwa siku moja tu. Kesho yake rais wa mahakama kuu ya Paris aliufunga, na siku chache baadaye Askofu Mkuu akatishia kumtenga na Kanisa mtu yeyote atakayeucheza, kuusoma au hata kuusikiliza. Ni Februari 5, 1669 tu, baada ya karibu miaka mitano, ruhusa ilipotolewa. Watu walijaa ukumbini mpaka wakasongamana. Mwezi huohuo baba yake mzee alifariki.

Katika miaka hiyo ya marufuku hakukaa bure. Alikuwa na waigizaji waliotegemea kula kutokana na kalamu yake. Mwaka 1665 alitoa Dom Juan, ukachezwa mara 15 kisha ukaondolewa kimyakimya. Mwaka 1666 alitoa Le Misanthrope, habari za mtu anayechukia uongo wa watu wote huku akimpenda mwanamke mwenye ulimi wa kila rangi. Mwaka 1668 alitoa L'Avare, bahili Harpagon anayezika sanduku la fedha bustanini na kukopesha kwa riba ya kuua, mpaka anagundua kwamba mkopaji ni mtoto wake wa kumzaa. Mwaka 1670 ukaja Le Bourgeois gentilhomme, mfanyabiashara Jourdain anayelipa walimu wa muziki, wa ngoma na wa falsafa wamfundishe uungwana. Mchezo huo uliwahi kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mchuuzi Mwungwana, na jina hilo peke yake linatosha kumchekesha mtu anayeijua Pwani.

Ukiitazama michezo hiyo kwa pamoja, utaona jambo moja. Anayechekwa karibu kila mara ni mkuu wa nyumba, na anayeumia ni familia. Orgon ana wazimu wa dini, Harpagon wa fedha, Jourdain wa ukubwa. Kila mmoja yuko tayari kumtoa binti yake sadaka kwa wazimu huo. Na anayesema ukweli mara nyingi ni mtumishi wa ndani, mwanamke asiye na elimu wala mali, anayeona kila kitu kwa sababu hakuna anayemjali. Nani kati yetu hajaona nyumba ya namna hiyo? Nani hajasikia juu ya mzee aliyeuza shamba la watoto ili kumpelekea mhubiri aliyemwahidi muujiza, au baba anayempima mchumba wa binti yake kwa gari analoendesha? Ndiyo maana nasema Molière hana haja ya visa vya kuchukuliwa kwake. Visa vyake tunavyo hapa mitaani.

Tusimfanye malaika. Aliishi chini ya mkono wa mfalme na alijua mpaka wake. Mabwana wadogo wa ikulu aliwacheka, madaktari aliwacheka, wanafiki aliwacheka. Mfalme hakumgusa kamwe. Hata Tartuffe unamalizika kwa ofisa wa mfalme kuingia na kumkamata tapeli, na sifa nyingi kwa mtawala anayeona yote. Tena katika Les Femmes savantes wa mwaka 1672 aliwacheka wanawake wanaopenda elimu, ingawa miaka 10 kabla, katika L'École des femmes, alikuwa amemfanya kichekesho mwanaume anayemlea msichana katika ujinga ili aje kumwoa. Wasomaji wa leo wana haki ya kumuuliza alisimama upande gani.

Mwaka wake wa mwisho ulikuwa wa misiba. Februari 17, 1672 alifariki Madeleine Béjart, mwenzake wa tangu mwanzo. Madeleine aliikana kazi ya uigizaji kabla ya kufa, akazikwa kwa heshima za Kanisa. Baadaye mwaka huo Molière alimzika mtoto mchanga. Mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kifua kwa miaka mingi, akikohoa hata jukwaani. Madaktari wa zama zile tiba yao kubwa ilikuwa kumtoa mgonjwa damu na kumsafisha tumbo, huku wakizungumza Kilatini. Alikuwa amewadhihaki katika mchezo baada ya mchezo, na sasa aliandika wa mwisho, Le Malade imaginaire. Humo mna Argan, mtu mzima wa afya anayejiona mgonjwa na anayetaka binti yake aolewe na daktari ili apate tiba ya bure nyumbani.

Mgonjwa wa kweli aliigiza nafasi ya mgonjwa wa uongo. Februari 17, 1673, siku ya mchezo kuchezwa kwa mara ya nne, alikuwa na hali mbaya. Inasimuliwa kwamba walimsihi apumzike, akakataa kwa sababu mafundi na wafanyakazi wa ukumbi wangekosa posho ya siku hiyo. Karibu na mwisho alishikwa na mtukutiko, akauficha kwa kicheko. Alimaliza mchezo, akapelekwa nyumbani, akatapika damu, akafa usiku uleule. Ilikuwa mwaka mmoja kamili tangu kifo cha Madeleine. Mapadri wawili walikataa kuja. Wa tatu alikuja akakuta amekwisha kukata roho. Kwa hiyo hakupata nafasi ya kuikana kazi yake, na parokia ikakataa kumzika. Armande alilazimika kwenda kwa Askofu Mkuu na kwa mfalme mwenyewe. Ndipo yakapatikana yale mazishi ya usiku.

Mwaka 1680, kwa amri ya mfalme, kundi lake liliunganishwa na wapinzani wao, ikazaliwa Comédie-Française, ambayo hadi leo huitwa nyumba ya Molière. Kiti alichokalia katika mchezo wa mwisho kimehifadhiwa humo, na hakuna mwandishi aliyechezwa mara nyingi humo kama yeye. Mwaka 2022 Ufaransa iliadhimisha miaka 400 tangu kuzaliwa kwake. Muswada wa mchezo kwa mwandiko wake haupo hata mmoja.

Ukipata kitabu chake, msomaji wangu, usikisome kimya peke yako. Wakusanye watoto jioni, mgawane wahusika, msome kwa sauti. Bahili apewe baba.