Al-Mawardi: mtoto wa muuza marashi aliyetetea haki ya mnunuzi

Sisi Waislamu wa mwambao huu wengi wetu ni wafuasi wa Imam Shafi, lakini ni wachache wanaomjua Abul Hasan Ali bin Muhammad al-Mawardi, mmoja wa wanachuoni wakubwa wa madhehebu hayo. Nimeona leo nimzungumzie, kwa sababu jambo aliloliandikia takriban miaka elfu moja iliyopita ndilo linalotusumbua kila siku madukani na sokoni. Mnunuzi aliyedhulumiwa kitu kidogo aende wapi?

Al-Mawardi alizaliwa Basra, Iraq, mwaka 364 Hijria (974). Jina lake linatokana na biashara ya ukoo wao, kuuza maji ya waridi, marashi haya haya tunayonyunyiziana harusini. Alisoma fiqhi Basra kwa Sheikh as-Saymari, kisha Baghdad kwa Sheikh Abu Hamid al-Isfarayini. Baadaye akawa kadhi katika miji mbalimbali.

Mwaka 429 Hijria mtawala Jalal ad-Dawla alitaka aitwe mfalme wa wafalme. Wapo wanachuoni waliomruhusu. Al-Mawardi, ambaye alikuwa mtu wake wa karibu, alikataa kwa kuwa aliona cheo hicho hakimstahiki mwanadamu. Mtawala hakumdhuru, bali alizidi kumheshimu, akijua kwamba kama angekuwa mtu wa kujipendekeza yeye ndiye angetangulia kukubali.

Katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya, al-Mawardi aliweka mlango mzima wa hisba, na hapa ndipo penye somo letu. Muhtasib, yaani msimamizi wa soko, alimpa mamlaka ya kusikiliza madai ya aina tatu: kupunja katika kipimo na mizani, udanganyifu katika bidhaa au bei, na kucheleweshwa kwa deni na mtu mwenye uwezo wa kulipa. Haya aliyaona ni madhila ya dhahiri, yanayotakiwa kumalizwa haraka. Lakini aliweka mpaka. Iwapo mdaiwa atakana, na shauri likahitaji mashahidi na viapo, basi liende kwa kadhi.

Zaidi ya hapo, muhtasib hakulazimika kumsubiri mlalamikaji. Akiitilia shaka mizani ya mtu, aliweza kuipima mwenyewe. Mafundi waliokabidhiwa mali za watu, kama masonara, wafumaji na watia rangi, alitakiwa aangalie uaminifu wao, kwani wangeweza kutoroka na mali hizo.

Mimi naona hekima kubwa katika mpangilio huu. Mtu aliyepunjwa robo kilo ya sukari hawezi kupoteza siku tatu mahakamani na nauli juu. Ataona bora anyamaze, na muuzaji atajua kwamba kunyamaza huko ndiyo faida yake. Robo kilo ya mtu mmoja ni ndogo, lakini ya wateja mia kwa siku ni dhulma kubwa. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjaji, Al-Mutaffifiin.

Je, sisi tuko wapi? Tanzania tunayo Wakala wa Vipimo tangu 2002, na Tume ya Ushindani inayopambana na bidhaa bandia. Ni kazi njema. Lakini faini anayotozwa mwenye mizani isiyo sahihi haiingii mfukoni mwa yule aliyepunjwa. Wenzetu wa Kenya walipitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, shauri linatakiwa limalizike ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Kwa maoni yangu, jambo hilo liko karibu sana na fikra ya al-Mawardi, na hapa kwetu nalo linahitajika, tena karibu na masoko.

Wakati tukilidai, tusikae mikono mitupu. Mnunuzi aombe risiti na aitunze, arudishe bidhaa mbovu mapema, na akipunjwa atoe taarifa. Mfanyabiashara Muislamu naye asisubiri mkaguzi. Mizani yake ni amana, na mteja akirudi na lalamiko la haki, amlipe palepale dukani.

Al-Mawardi alifariki Baghdad mwaka 450 Hijria (1058), akiwa na umri wa miaka 86 kwa hesabu ya Hijria. Aliweza kumkatalia mtawala, lakini hakuona kuwa ratili iliyopungua ya mnunuzi ni jambo dogo mno kwa kalamu yake. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe sisi uadilifu katika vipimo vyetu.