Mbaraka Mwinshehe: Gwiji wa Morogoro aliyeimbia kanda za wengine

Ni vigumu kuuzungumzia muziki wa dansi wa Tanzania bila kufika Morogoro, na ni vigumu zaidi kufika Morogoro bila kulitaja jina la marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Leo kijana wa Mafiga, chini ya milima ya Uluguru, aweza kurekodi wimbo chumbani kwake kwa kompyuta na kinanda kimoja. Katika zama za Mbaraka, mwanamuziki wa mji huo alilazimika kusafiri ili sauti yake ihifadhiwe.

Alizaliwa Juni 27, 1944, Mzenga, wilayani Kisarawe, mwaka uleule ambao bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, wakati mji ulikuwa umegawanyika kati ya mashabiki wake na wale wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Haukupita muda Mbaraka akawa mpiga gitaa la solo, mtunzi, mwimbaji na hatimaye kiongozi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha nchi katika maonyesho ya Expo 70, Osaka, Japani.

Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima iliingia studio, ikapiga na kuimba kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na fundi akanasa kila kitu katika kanda. Mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo. Vinanda vya umeme vya kutoa sauti kadhaa kwa mpigo, mfano wa Prophet-5 ya Marekani yenye sauti 5, vilikuja baadaye. Hicho kilitoka mwaka 1978. Utajiri wa sauti unaosikika katika kazi za Morogoro Jazz ni wa mikono mitupu: solo, ridhimu, besi na saksafoni, kila mmoja akijua pa kumpisha mwenzake.

Kanda hizo zilibaki redioni. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo aliyetaka kuuza alikwenda Kenya. Tena, katika bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi au taasisi, na mwanamuziki aliyehama aliondoka na kipaji chake tu. Kwa hali hiyo, uamuzi wa Mbaraka wa kuiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Orchestra Super Volcano haukuwa mdogo. Wimbo wake Shida, uliotolewa na Polygram ya Nairobi, ulivuma Afrika Mashariki yote.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Januari 1979, mpaka ukiwa bado umefungwa, Mbaraka alikuwa Mombasa, na huko ndiko alikopata ajali ya gari iliyomuua. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Baada ya kifo chake Polygram ilitoa mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Kazi alizofanya na Morogoro Jazz kati ya 1969 na 1972 zilisubiri zaidi, hadi kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilipozitoa katika sidii iitwayo Masimango mwaka 2000.