Johann Albrecht Bengel (1687–1752), Mfafanuzi wa Agano Jipya

Tunapoadhimisha miaka 100 ya usharika wetu, ni vema tuwakumbuke pia watumishi wa kale ambao kazi yao ingali inawasaidia wahubiri. Mmojawapo ni Johann Albrecht Bengel, aliyezaliwa tarehe 24 Juni, 1687, katika mji wa Winnenden, Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, mtumishi wa Kanisa, alifariki mwaka 1693, naye akaachwa yatima akiwa na umri wa miaka sita.

Alipokuwa akisoma theolojia Tübingen, Bengel alipatwa na jaribu zito. Aliona kwamba nakala za kale za Agano Jipya la Kiyunani hutofautiana katika maneno mengi. Mwaka 1707 John Mill wa Oxford aliorodhesha tofauti zipatazo 30,000. Je, Neno alilotaka kulihubiri lilikuwa thabiti?

Hakuuficha wasiwasi huo. Tangu mwaka 1713 alifundisha Denkendorf kwa miaka 28, akiwalea vijana waliojiandaa kwa uchungaji, huku akilinganisha nakala hizo kwa uvumilivu. Alitambua kwamba wanakili huelekea kulainisha maneno magumu. Kwa hiyo neno lililo gumu zaidi mara nyingi ndilo la asili. Mwaka 1734 alitoa Agano Jipya la Kiyunani, akiwa amesadiki kwamba tofauti zile hazikutikisa msingi wa imani.

Mwaka 1742 ulitoka ufafanuzi wake, Gnomon, kwa Kilatini. Jina hilo ni la kile kijiti cha saa ya jua ambacho kivuli chake huonyesha saa. Katika kitabu hicho Bengel hasemi mengi. Huonyesha uzito wa neno na mpangilio wa hoja, kisha humwacha msomaji mbele ya Maandiko yenyewe. John Wesley alikitumia sana katika maelezo yake ya Agano Jipya ya mwaka 1755.

Hata hivyo alikosea. Kwa hesabu alizozitoa katika kitabu cha Ufunuo, alitazamia mageuzi makuu mwaka 1836, ingawa alikiri kwamba mwaka huo ukipita bila badiliko, msingi wa hesabu yake utakuwa na kosa. Alifariki Stuttgart tarehe 2 Novemba, 1752. Na mwaka 1836 ukapita kama miaka mingine.

Katika uamsho wa Württemberg, ulioathiriwa sana na Bengel, walilelewa Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliofika Mombasa miaka ya 1844 na 1846.

Maisha yake yatufundishe sisi tuandaao mahubiri na ibada za nyumbani. Tusome kwanza Biblia kwa maombi, ndipo tufungue ufafanuzi. Mfafanuzi hodari huweza kukosea. Neno la Mungu wetu ladumu milele.